Muulize Fundi: Breka Inaanguka Nikitia Rodi Kubwa

Swali: Shikamoo mzee. Mimi ni kijana wa Kisauni, nachomelea madirisha na mageti barazani kwetu. Nyumba ni ya Kiswahili, vyumba sita, mita ya stima moja. Nimenunua mashine ndogo ya kuchomelea, ya inveta, mbele imeandikwa 200. Stima naitoa soketi ya ukumbini kwa ekstensheni ya gurudumu, mita 50. Rodi ya unene wa milimita 2.5 inakwenda sawa. Nikitia ya 3.2 tu, breka ya amperi 20 kwenye boksi la stima inaanguka, na plagi imeanza kunuka. Jirani ananambia nitie breka ya 40 mambo yaishe. Nimsikize?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Usimsikize. Breka haikuwekwa kwa ajili ya mashine yako, imewekwa kulinda waya uliofukiwa ukutani. Waya wa soketi kwa kawaida ni wa milimita mraba 2.5. Ukiupa breka ya 40, utapata moto breka ikiwa bado haijaanguka, na moto huo utaanzia ndani ya ukuta au juu ya dari, watu wa vyumba sita wako chini yake.

Tupige hesabu. Hiyo 200 ni amperi za kwenye rodi, si za ukutani. Rodi ya 3.2 yataka kama amperi 120 kwa volti 25 hivi, yaani wati 3000. Ongeza zinazopotea kwa joto ndani ya mashine, ongeza na tabia ya inveta za bei nafuu kunyonya stima kwa vishindo, ukutani unajikuta wavuta amperi 20 na zaidi. Friji ya mtu nayo iko hapo hapo. Soketi yenyewe ni ya 13! Rodi ya 2.5 ukiiweka amperi 70 huvuta kama 11, ndiyo sababu haikusumbui. Geuza mashine, soma kibandiko cha nyuma, palipoandikwa I1. Hizo ndizo amperi za ukutani, na wauzaji hawakuonyeshi.

Utaniuliza, mbona fyuzi ya plagi haikatiki? Fyuzi ya 13 huweza kubeba hata 20 kwa muda mrefu, na plagi yaungua huku fyuzi yatazama. Chomoa hiyo inayonuka uangalie pini zake. Zikiwa zimegeuka rangi ya kahawia, plagi na soketi zote mbili ni za kutupa. Hapa kwetu chumvi ya bahari hula vyuma vya soketi mpaka vikaota ukijani, pini haigusi vizuri, na penye mguso mbaya ndipo joto huanza.

Sasa hiyo ekstensheni. Wakati mmoja nilikuwa Bamburi nachomelea ngazi ya nje. Nikafungua mita kumi tu, zilizobaki nikaziacha kwenye gurudumu. Nilipofika rodi ya kumi hivi, pua ikanusa plastiki. Kuivuta, kebo imeshikana kama halua. Ikiwa imeviringwa, joto halina pa kutokea. Ifungue yote, hata kama kazi iko hatua tano kutoka mlangoni. Ukinunua nyingine, iwe fupi na waya wake usipungue milimita 2.5.

Ukitaka rodi ya 3.2 kila siku, tafuta fundi wa stima mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati. Kwanza atazame kama mita yenu itahimili, kisha akuvutie laini yako peke yako kutoka kwenye boksi mpaka barazani: waya wa milimita 6, breka ya 32, na ile soketi ya samawati ya 32 yenye pini tatu za duara. Waya wa ardhi aupime, asiuangalie kwa macho tu. Kabla ya hapo, baki na rodi ya 2.5. Dirisha halihitaji zaidi, nawe wajua.

Na jasho, mwanangu. Mashine ikiwa imewaka hujachomelea, kwenye kishikio mna volti 60 mpaka 80. Glavu zikilowa zianike, uvae nyingine. Usikalie chuma unachokichomelea, na klampu ya ule waya mwingine wa mashine ifunge kwenye kazi yenyewe, si kwenye bomba la maji la ploti.

Swali: Mzee, niko Likoni. Jenereta ya wati 3000 itaendesha mashine kama hiyo?

Jibu: Kwa rodi ya 2.5 itajikokota, utaisikia inavyolia ukigusa chuma. Ya 3.2 usijaribu. Tafuta ya kVA 6 (kipimo cha nguvu ya jenereta) au zaidi. Iache ingurume dakika mbili kabla hujachomeka, na ukimaliza, zima mashine kwanza ndipo uzime jenereta. Iweke uwanjani, si ukumbini wala chini ya dirisha la mtu.