Folda ni ya postgres, amri ni ya postgres, mbona nakataliwa?

Swali: Shikamoo kaka. Natunza seva ya Ubuntu ya duka la vipuri Kariakoo. Kila usiku nataka nakala ya kanzidata ya stoo, iliyo kwenye PostgreSQL. Nikiandika hivi:

sudo -u postgres pg_dump stoo > /var/bekapu/stoo.sql

najibiwa "Permission denied", na folda hiyo mmiliki wake ni postgres (akaunti inayoendesha kanzidata), nimeangalia mara tatu. Nikijaribu su - postgres naombwa nywila nisiyoijua. Nikiingia kama root (mtumiaji mwenye mamlaka yote), amri ileile inakubali. Tuko wanne na nywila ya root tunayo wote, kwa hiyo kazi inaenda, ila nahisi kuna ninapokosea. (Msomaji, Tabata)

Jibu: Marahaba mdogo wangu. Rudia hiyo amri, safari hii usome mstari wa kosa tangu mwanzo wake. Utakuta umeandikwa hivi:

-bash: /var/bekapu/stoo.sql: Permission denied

Anayelalamika hapo ni bash, yaani sheli, programu inayopokea amri unazoandika. Pg_dump, anayetoa nakala ya kanzidata, hajasema kitu; sudo, anayeendesha amri kwa jina la mtumiaji mwingine, naye hajasema kitu. Tena nina hakika hukuulizwa hata nywila, maana sudo haikufika kuitwa. Ile alama ya > si sehemu ya amri unayompa postgres. Ni agizo kwa sheli yako (siyo ile ya mafuta), nayo hulitekeleza kwanza, kwa jina lako wewe: inajaribu kufungua faili, inakuta folda si yako, inaacha kazi yote palepale. Ukiwa root inapita kwa sababu anayefungua faili ni root, na root hagongi hodi.

Mwachie pg_dump afungue faili mwenyewe:

sudo -u postgres pg_dump -f /var/bekapu/stoo.sql stoo

Si kila programu ina kitu kama -f. Isipokuwa nacho, mpe postgres sheli yake, na alama ya > iwe ndani ya nukuu:

sudo -u postgres sh -c 'pg_dump stoo > /var/bekapu/stoo.sql'

Lakini kwako wewe hata hiyo itagoma mara ya kwanza. Siku zile ulipopitia root, faili la stoo.sql lilizaliwa likiwa mali ya root, na postgres hawezi kuliandika juu. Piga ls -l /var/bekapu ujionee, kisha mkabidhi postgres umiliki: sudo chown postgres: /var/bekapu/stoo.sql. Hapa ndipo wengi hukata tamaa wakasema sudo haieleweki, kumbe wanapambana na mabaki ya jana yao.

Kuhusu su: yenyewe huuliza nywila ya yule unayetaka kuwa, sudo huuliza yako. Kwenye Ubuntu postgres hana nywila kabisa, ndiyo maana kila unachoandika kinakataliwa. Usimwekee, umefungiwa kwa makusudi. Ukitaka kukaa ndani kama yeye kwa muda, sudo -iu postgres inatosha. Na ukiona onyo la "could not change directory" lenye jina la folda yako ya nyumbani, lisikutishe. Postgres hana ruhusa ya kuingia kwako, basi. Fanya cd /tmp kabla.

Sasa hilo la watu wanne na nywila moja ndilo limenifanya nichukue swali lako. Umewahi kuona barua ya serikali iliyosainiwa "K.n.y. Katibu Mkuu"? Aliyesaini anajulikana, na anayesainiwa anajulikana. Sudo -u ndivyo inavyofanya. Fungua /var/log/auth.log utaona mstari wa namna hii:

juma : TTY=pts/0 ; PWD=/home/juma ; USER=postgres ; COMMAND=/usr/bin/pg_dump -f /var/bekapu/stoo.sql stoo

Juma kaomba, kwa niaba ya postgres, kufanya jambo hili. Mkiingia wote kama root, kumbukumbu inaonyesha root tu. Niliwahi kufanya kazi ofisi moja maeneo ya Posta ambako mtu alipiga chown -R (kubadili umiliki wa kila kilichomo) kwenye folda isiyo yake asubuhi ya mwisho wa mwezi. Tulikuwa watano wenye nywila, na wote watano hatukuwa sisi. Si tatizo jipya: sudo yenyewe iliandikwa karibu 1980 na Bob Coggeshall na Cliff Spencer, chuo kikuu cha Buffalo, Marekani.

Kwa hiyo kila mtu awe na akaunti yake, na kwenye kundi la sudo abaki mmoja au wawili. Anayehitaji nakala tu mpe hiyo tu. Fungua faili la ruhusa za sudo kwa sudo visudo -f /etc/sudoers.d/bekapu, andika:

juma ALL=(postgres) NOPASSWD: /usr/bin/pg_dump -f /var/bekapu/stoo.sql stoo

Tumia visudo, isiwe kihariri kama nano moja kwa moja. Visudo hukagua kabla ya kuhifadhi, na kosa kwenye faili hizi laweza kukufungia nje ya sudo yenyewe. Jina la faili lisiwe na nukta: ukiliita bekapu.conf litarukwa kimyakimya nawe utahangaika mchana kutwa. Na usimruhusu mtu kihariri cha vim kwa mtindo huu ukidhani umempa faili moja la kuhariri. Ndani ya vim akiandika :!sh ameshapata sheli nzima.

Ile ya kila usiku haihitaji sudo hata kidogo, maana saa nane za usiku hakuna wa kuandika nywila. Iweke kwenye ratiba ya postgres mwenyewe, inayoendeshwa na programu ya cron: sudo crontab -u postgres -e:

0 2 * * * pg_dump -f /var/bekapu/stoo.sql stoo

Ukija kutaka tarehe kwenye jina la faili, ndani ya crontab andika $(date +\%F), maana % tupu cron huisoma kama mwisho wa mstari.