Longonot kwa Siku Moja: Ratiba Ipangwe kwa Mwendo wa Anayetembea Polepole

Wiki iliyopita nilipokea ujumbe kutoka kwa msomaji wa Nairobi ambaye, pamoja na wenzake wa chama, amepanga kupanda Mlima Longonot. Ratiba yao ni kuondoka mjini saa tatu asubuhi, kupanda, kuzunguka kreta yote, yaani shimo la volkano lililo juu ya mlima, kisha kupitia hifadhi jirani ya Hell's Gate waendeshe baiskeli, na kufika nyumbani kabla ya giza. Aliniuliza jambo moja tu: "Dada, tuvae viatu gani?" Suala la viatu nitalifikia, lakini ratiba hiyo ndiyo iliyoninyima raha, na kwa kuwa ninajua wengi wenu mna hamu ileile ya kuumaliza mlima mzima kwa siku moja, nimeona nimjibu mbele ya wote.

Longonot humhadaa anayeutazama kwa mbali. Ukiwa kwenye barabara ya Mai Mahiu unauona mlima mpweke, wenye kichwa bapa, usiotisha hata kidogo. Hesabu zake, hata hivyo, ni hizi: kutoka langoni hadi ukingo wa kreta ni kilomita 3.1, kuuzunguka ukingo ni kilomita 7.2, kisha unateremka zile 3.1 ulizopanda. Jumla ni kilomita 13.4, na kati ya lango, lililo kwenye mwinuko wa takriban mita 2,150, na kilele cha mita 2,776 kuna kupanda, kushuka na kupanda tena, kwa maana ukingo wenyewe ni mfululizo wa vilima. Wengi wanapofika ukingoni hupeana mikono na kupiga picha za ushindi, ilhali hawajamaliza hata robo ya njia, na kilele bado kiko mbali, upande wa magharibi wa shimo.

Mara yangu ya kwanza nilikwenda na kikundi kimoja cha kulipia, ambacho sitakitaja jina. Tulipofika langoni kiongozi alitangaza kwamba kila mtu atembee kwa mwendo wake, na kabla sijamaliza kufunga kamba za viatu, wenye nguvu walikuwa wamekwishatokomea kwenye vichaka vya leleshwa. Nilipanda peke yangu, taratibu, bila matatizo yoyote. Ukingoni nilimkuta kijana mmoja aliyeachwa anisubiri, naye akanieleza kwa haya, akitazama chini, kwamba ameagizwa anirudishe kwa sababu "huyu dada hataweza". Hakuna aliyeniuliza. Saa nne ilikuwa haijafika, miguu yangu ilikuwa mizima, na kilele nilikuwa ninakiona kwa macho yangu, lakini niliteremshwa, nikaketi ndani ya basi hadi alasiri, na wenzangu waliporudi wakaanza kuniuliza kwa nini sikupanda. Nilikuwa nimelipa pesa zilezile walizolipa wao. Miaka imepita, na bado nikilikumbuka basi lile roho inaniuma.

Ndiyo maana mwezi uliopita, nilipowaongoza wenzangu wa kazini na sote tukauzunguka ukingo na kurudi langoni bila hata mmoja kukatishwa safari, sikuificha furaha yangu, na siifichi hapa. Tuliondoka Nairobi saa kumi na moja alfajiri na, kwa kuwa mwendo ni wa kilomita 90 hivi, muda mfupi baada ya saa moja tulikuwa tumefika. Ada ya kuingia tulikuwa tumeilipa usiku uliotangulia kupitia eCitizen, tovuti ya malipo ya serikali, maana langoni hawapokei fedha taslimu, na si busara kuanza kuhangaika na mtandao wa simu huku jua linapanda. Kisha nikafanya jambo ambalo vijana wetu hawakulipenda: nilimweka mbele mwenzetu anayekaribia kustaafu, mwenye mwendo wa pole kuliko sote, nikatangaza kwamba hakuna ruhusa ya kumpita. Walinung'unika hadi ukingoni. Walipofika huko bado walikuwa na pumzi, naye pia alikuwa nayo.

Hapo tuliketi, tukala, tukaangalia saa. Kanuni yangu ni kwamba saa nne ikiwa haijapita, mzunguko unaanza. Ikiwa imepita, mnautazama msitu ulioota chini kabisa ndani ya kreta, mnapiga picha zenu na kurudi, na hakuna anayelaumiwa. Anayetoka mjini saa tatu atakuwa ukingoni yapata saa saba, jua likiwa utosini, kivuli hakuna, na kilomita 7.2 mbele yake, wakati hifadhi inafungwa saa kumi na mbili jioni. Kiongozi anayekubali ratiba ya namna hiyo amekwisha kuamua kwamba baadhi ya watu wake wataachwa, hata kama hajawaambia.

Sasa viatu. Mlima huu ni volkano inayodhaniwa kulipuka mara ya mwisho katika miaka ya 1860, na sehemu kubwa ya njia yake ni majivu na mawe mepesi yenye matundu. Nyayo za watu zimeyasaga, mvua ikayachimba, na mahali pengi njia imekuwa mtaro mwembamba, unaokulazimu kuweka mguu mmoja huku na mwingine kule. Wakati wa kiangazi vumbi lake ni laini kama unga, linaingia puani na ndani ya soksi. Wakati wa mvua panateleza. Vaeni viatu mlivyovizoea, vyenye soli ya meno, wala si lazima viwe vya bei kubwa. Yule mwenzetu wa mbele alikuwa na buti nzuri kabisa zilizokaa uvunguni kwa miaka, na tulipokuwa upande wa pili wa kreta soli ya mguu wa kulia ikaanza kufunguka kuanzia vidoleni, gundi ikiwa imekauka na kumeguka vipande vipande. Tuliifunga kwa kamba iliyokatwa kwenye begi, mizunguko mitatu chini ya unyayo na fundo juu ya kifundo, naye akamaliza hivyo hivyo. Kwa hiyo, usiku kabla ya safari, shikeni kila kiatu na kuikunja soli kwa nguvu.

Maji hayapatikani popote mlimani, na chini ya lita tatu kwa kila mtu sikubali. Yabebeni katika chupa za chuma au za kujazwa tena, kwa sababu tangu tarehe 5 Juni 2020 chupa za plastiki za kutumika mara moja zimepigwa marufuku katika hifadhi za taifa za Kenya. Viazi vitamu vya kuchemsha na mayai hushinda biskuti zote. Kofia ni lazima. Chini ya mlima mtawaona twiga na pundamilia, lakini nyati nao wapo, kwa hiyo msikatize vichakani, na waulizeni askari wa KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, langoni hali ya njia ikoje siku hiyo.

Hell's Gate iacheni, dada yangu. Ni hifadhi nyingine, yenye lango lake na ada yake, na inastahili siku yake. Tena korongo lake si mahali pa kuingia mkiwa mmechoka na mawingu yanakusanyika: mwezi Aprili 2012 mafuriko ya ghafla yaliwaua vijana waliokuwa matembezini humo. Kwa ujumla miezi ya Machi hadi Mei mimi huiepuka kabisa, hata kwa Longonot.

Mkichagua siku, ichagueni Jumamosi. Jumapili jioni magari yote ya Naivasha na Nakuru hurudi mjini kwa pamoja, malori yakijikokota kwenye mteremko wa Mai Mahiu ambao nyinyi mtakuwa mnaupanda, na mtu aliyetembea tangu asubuhi anaweza kukaa saa nyingi kwenye foleni huku miguu ikikakamaa. Sisi saa tisa alasiri tulikuwa langoni tayari kuondoka. Wasiokuwa na gari wapande matatu za Naivasha zinazopita Mai Mahiu, washuke Longonot na kuchukua bodaboda hadi langoni, wakikubaliana na dereva mapema saa ya kuja kuwachukua.