Likeni ya ramani: je, inaweza kuoteshwa kwenye mawe ya bustani?

Swali: Mimi ni fundi wa bustani mjini Nanyuki. Mteja wangu alipanda Mlima Kenya akarudi na picha za mawe yenye madoa ya manjano yanayoelekea kijani, yamegawanywa kwa mistari myeusi kama ramani. Anataka mawe mapya tuliyoyatoa machimboni yawe na madoa hayo ndani ya mwaka mmoja. Nilisikia ukipaka jiwe maziwa mala linaota haraka. Nimejaribu, na baada ya wiki tatu nimepata utando mweusi unaonuka. Kitu hiki ni nini hasa, na kinaoteshwaje?

Jibu: Ndugu fundi, nianze na huo utando, maana ndani yake kuna nusu ya jibu. Maziwa mala ni chakula kizuri cha ukungu wa kawaida na bakteria. Umewaandalia karamu, nao wamekuja mbio. Kiumbe unachokitafuta hakiji kwenye karamu. Kinaishi mahali ambapo hakuna cha kula, na kama utakavyoona hapo chini, bila hiyo njaa hata hakiumbiki.

Kwa maelezo yako, yaani rangi hiyo, mistari myeusi na jiwe la juu mlimani, mteja wako ameona likeni iitwayo Rhizocarpon geographicum, au mmojawapo wa ndugu zake wa karibu ambao hata sisi wataalamu wa likeni tunawatofautisha kwa hadubini. Linnaeus aliiandika mwaka 1753 na kuipa jina linalohusu jiografia, kwa hiyo mteja wako si wa kwanza kuona ramani pale.

Likeni si mmea. Ni kuvu na mwani wanaoishi pamoja katika mwili mmoja, ndiyo maana wengine huiita kuvumwani, jina ambalo mimi nalipenda kwa sababu linasema ukweli wote kwa neno moja. Kuvu hujenga nyumba na kushika jiwe. Mwani wa kijani, ambao kwa likeni hii ni wa jenasi ya Trebouxia, hukaa ndani na kutengeneza sukari kwa mwanga wa jua. Mswisi Simon Schwendener alipoyasema haya katika miaka ya 1860, wataalamu wengi wa likeni wa wakati huo walimpinga vikali.

Ukipata nafasi ya kupanda mlima, beba lenzi ya mkono inayokuza mara kumi na chupa ya maji. Sogeza jicho karibu kabisa na jiwe. Utaona kwamba doa si rangi iliyomwagika bali ni vigae vidogo vidogo, vingi havifiki milimita moja na nusu, vimepangwa kama sakafu iliyopasuka. Manjano yake hutokana na asidi ya rizokapiki, kemikali iliyo kwenye ngozi ya juu na inayosaidia kukinga jua kali. Katikati ya vigae kuna vidoa vyeusi bapa: hivyo ni viungo vya uzazi vya kuvu, na ndimo spora, yaani chembe ndogo zinazomwezesha kuvu kuzaana kama mbegu, zinamotoka. Kuzunguka doa lote kuna ukingo mweusi. Huo ni kuvu mtupu, bila mwani, na ndio unaotangulia kusogea juu ya jiwe. Vigae vya manjano hufuata nyuma yake. Madoa mawili yanapokutana, kingo zao husimama zikitazamana, na hapo ndipo inapopatikana mipaka ya ile ramani. Nyunyizia maji kidogo usubiri: rangi itaelekea kijani mbele ya macho yako, kwa sababu ngozi iliyolowa hupitisha mwanga na mwani wa ndani huonekana.

Sasa jaribu kuibandua kwa ukucha. Haitoki. Likeni za kundi hili, ambazo hukaa juu ya mwamba kama ukoko wa wali chini ya sufuria, hazina ngozi ya upande wa chini. Nyuzi za kuvu huingia moja kwa moja kati ya chembe za jiwe. Sisi tunapohitaji sampuli hutumia patasi na nyundo, na tunachobeba ni kipande cha jiwe chenye likeni juu yake. Kwa kazi yako hili ni jambo kubwa: huwezi kuing'oa huku ukaipandikiza kule kama unavyofanya na nyasi.

Je, inaweza kuoteshwa? Maabara, ndiyo, kwa sehemu. Njia ya kwanza ni kupitia spora. Vile vidoa vyeusi hulowekwa, kisha hubandikwa kwa tone la vaselini ndani ya mfuniko wa sahani ya petri, ile sahani bapa ya maabara, vikielekezwa kwenye agari, yaani utelezi mgumu wa kuoteshea viumbe vidogo. Vinapoanza kukauka hurusha spora zenyewe, na ukitazama kwa hadubini asubuhi unaziona zimetua juu ya agari: za jenasi hii ni nene, za rangi ya giza zikikomaa, zimegawanyika ndani kama ukuta wa matofali. Zikiota, unapata kuvu peke yake. Njia ya pili ilienezwa na Wajapani, Yamamoto na wenzake, katika miaka ya 1980: unaosha kipande cha likeni, unakisaga, unakichuja kwa vichujio viwili vya matundu tofauti, halafu unaokota chembe moja moja kwa sindano na kuiweka kwenye agari ya kimea na hamira. Mwani nao hutengwa kivyake.

Unachopata kwa njia ya kwanza hakifanani hata kidogo na ile ramani. Kuvu akiwa peke yake ni kidonge kigumu kisicho na umbo, na hata akilishwa sukari kila siku anaweza kuchukua miezi kufikia milimita chache. Hakuna vigae wala mpaka mweusi. Umbo la likeni huja tu kuvu na mwani wanaporudishwa pamoja, na hapa ndipo penye somo lililonishika tangu nikiwa mwanafunzi. Mmarekani Vernon Ahmadjian, aliyetumia miaka mingi kujaribu kuziunda likeni upya maabara, alionyesha kwamba ukiwaweka wawili hawa mahali penye chakula tele na unyevu usiokatika, kila mmoja hujiendea zake. Ukiwapunguzia chakula, ukawaacha wakauke polepole na kulowa tena, kuvu huanza kuzizungushia nyuzi seli za mwani. Hata hivyo kazi yake maarufu aliifanya kwa likeni ya jenasi ya Cladonia, ambayo ni rahisi kuliko hizi za ukoko. Rhizocarpon ni mzito zaidi, na mimi sijawahi kuona jiwe lililofunikwa na ramani iliyotoka maabara.

Sasa unaona kwa nini maziwa mala yasingefaa. Na usijaribu uji, sukari, wala maji ya samadi badala yake.

Mteja wako anaweza kukuambia kwamba kiumbe hiki ni sugu, kwa hiyo lazima kiwe rahisi. Kweli ni sugu. Mwaka 2005 Shirika la Anga la Ulaya lilikipeleka angani kwa chombo cha Foton-M2, kikakaa takriban wiki mbili wazi kwenye ombwe na miale ya jua, na kiliporudi mwani wake uliendelea na usanisinuru. Lakini kilivumilia kwa kuwa kilikuwa kikavu, kimelala. Ndivyo kinavyoishi hata duniani: sehemu kubwa ya maisha yake kimelala, kikiamka kwa muda mfupi umande au ukungu wa mlimani unapokilowesha.

Kwa sababu hiyo hukua polepole mno. Katika milima ya Alps kipenyo cha doa huongezeka chini ya milimita moja kwa mwaka, na kwenye baridi kali ya kaskazini ni kidogo zaidi. Kabla ya hapo kuna miaka ambayo jiwe linaonekana tupu kabisa ingawa mbegu ya jambo imeshatua. Doa la upana wa sarafu ya shilingi 20 linaweza kuwa limeanza kabla wewe hujazaliwa. Ni ukawivu huu uliomfanya Roland Beschel wa Austria, mwaka 1950, aandike kuhusu kuzitumia likeni kama saa: ukijua kasi ya ukuaji wa mahali, kwa kupima kwa mfano makaburi yenye tarehe, unaweza kupima doa kubwa kuliko yote kwenye rundo la mawe lililoachwa na barafu na kukadiria barafu iliondoka lini. Mlima Kenya nao umefanyiwa kazi hiyo. Spence na Mahaney walichapisha mwaka 1988 utafiti wa ukuaji wa likeni za kundi hili mlimani humo. Kwa hiyo nakusihi kwa dhati, usikubali mtu akushushie mawe hayo kutoka juu. Kuyatoa ndani ya hifadhi bila kibali ni kosa, na kila jiwe linaloondoka ni ukurasa wa historia ya barafu ya mlima wetu, barafu ambayo yenyewe inatoweka.

Hata ukiyapata kihalali, hayatakufaa. Nanyuki iko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,950. Likeni ya ramani ni ya baridi na ya miamba iliyo juu sana kuliko hapo. Ukiileta bondeni, kwenye bustani inayomwagiliwa jioni, jiwe litashikwa na mwani wa kawaida na kuvumwani wako atakufa chini yake.

Ninachokushauri ni kuwa muwazi na mteja kuhusu muda, kisha utafute mawe ambayo tayari yana likeni za hukohuko kwenu. Kwenye mashamba mengi kuna mawe ya zamani yaliyotupwa kando ya ua, yenye ukoko wa kijivu, mweupe au wa chungwa. Mwombe mwenye shamba. Unapoyahamisha, weka alama upande uliotazama juu na upande uliotazama kaskazini, na uyalaze vilevile kwenye bustani. Likeni iliyozoea jua la asubuhi hufa ikigeuzwa kivulini. Yaweke mbali na kinyunyizio, kwa sababu maji ya bomba kila jioni ni unyevu usiokatika, yaani kilekile kinachowatenganisha kuvu na mwani. Usiyapitishie mashine ya kuoshea magari, na usitumie dawa ya kuua kuvu karibu nayo.

Yale mawe mapya ya machimboni yaache bila kupakwa kitu. Yaliyopasuka kwa uso wa kukwaruza yatapokea spora kuliko yaliyokatwa laini kwa msumeno. Yaweke jirani na yale ya zamani, chagua moja, piga picha kila Januari ukiwa umelaza rula juu yake, mahali palepale, saa ileile. Picha ya mwaka wa kwanza na wa pili zitafanana. Usizitupe.