Msilipie apu yenye pointi, mtakuja kulia kama sisi

Mkuu simamisha hayo malipo kwanza. Nimesoma uzi wako naona mnaenda kutumbukia shimo lile lile tulilotoka sisi, na hata maneno ya huyo developa wenu yanafanana na ya wa kwetu mpaka nusura niulize anaendesha gari gani. Umesema mko mafundi umeme wa magari, mmechanga milioni mbili na laki nane, mnataka sehemu ya kufundishana na kutunza ujuzi ili kijana akikwama na gari Tegeta asianze kupigia watu simu hovyo, na jamaa kawaahidi apu ambayo kila anayeposti anapata pointi, mwisho wa mwezi kinara anapewa bando. Unauliza mchukue hiyo au Moodle, ile programu ya kufundishia mtandaoni, seva iwe hapa Bongo au nje, na wenye simu za kuungaunga mtawasaidiaje. La seva na la simu yasubiri kwanza.

Hizo pointi ndo sumu. Zitoeni kabla ya kugusa kitu kingine chochote.

Sisi ni mafundi AC na friji, wengi wa Ilala, Tabata na Kinondoni. Tulikuwa na grupu la WhatsApp, na unajua magrupu yalivyo, mtu anauliza asubuhi, fundi mkongwe anamjibu vizuri kabisa, ikifika jioni jibu limezikwa chini ya michango ya msiba na mapicha ya maua, kesho mwingine anauliza kitu kile kile na mkongwe kashachoka kujibu. Tukasema tutafute mfumo wa maana. Akaletwa kijana, kaletwa na shemeji yake katibu (hilo la shemeji lilitakiwa litushtue), kaja na projekta, akatupiga saundi kwamba dunia nzima watu wanafundishana kwa pointi, akatolea mfano Stack Overflow, ule mtandao wa waandika programu ulioanza 2008. Sisi tunajua nini, tukapiga makofi.

Alichotuficha, au labda na yeye alikuwa hajui maana simwamini hata kwa hilo, ni kwamba kule hupewi pointi kwa kuposti. Pointi unapewa na wenzako wakilipigia kura jibu lako, ukiandika utumbo wanakupigia kura ya chini na unakatwa, na ukirekebisha jibu la mtu mwingine marekebisho yakapitishwa, mgeni anapata pointi 2. Yaani kurekebisha kazi ya mwenzako ni kazi inayohesabika. Ya kwetu alichukua jedwali la vinara akaacha yote hayo, kisha akatuchaji kama vile kavumbua yeye.

Basi tukafungua. Watu waliposti jamani! Nikawa napiga skrinishoti za idadi nazirusha kila mahali, mwenyekiti wa maendeleo ya kidijitali, si mchezo. Ukiingia ndani sasa. "Asante fundi kwa elimu." Pointi. "Naunga mkono hoja." Pointi. Kuna mmoja yeye alikuwa anaandika nukta tu. Nukta! Alishika nafasi ya pili mwezi ule na bando lake tukampa, katiba ilikuwa inaruhusu.

Ila nukta hazikututia hasara, tulicheka yakaisha. Hasara ilikuja hivi. Kijana mmoja akauliza, AC ya mteja mashine ya ndani inaganda barafu, ikiyeyuka maji yanashuka ukutani, afanyeje. Dakika hiyo hiyo jibu la kwanza, gesi imepungua, ongeza. La pili ongeza gesi. La tatu ongeza gesi kwa maneno mengine, kwa sababu pointi hazichagui. Baadaye sana mzee wetu mmoja, fundi wa tangu enzi za R12, ile gesi ya zamani ya friji, akaandika kwa utulivu kwamba kabla hujashika geji vua filta uitazame, angalia feni ya ndani inazunguka kwa kasi yake, maana hewa isipopita vizuri koili, yale mabomba ya baridi ya ndani, inaganda hata kama gesi imejaa, na barafu iache iyeyuke yote ndo upime. Jibu zuri kuliko yote, limekaa chini kabisa huko, juu yake msururu wa asante na nukta.

Kijana alisoma la juu. Akaongeza gesi. Filta ilikuwa imeziba kama blanketi, hakuivua. Na mashine yenyewe ni ya gesi ya R410A, ambayo ni mchanganyiko wa gesi mbili, wa R32 na R125 nusu kwa nusu, watengenezaji wanataka iingizwe ikiwa kimiminika ili mchanganyiko usiharibike, yeye akaiingiza ikiwa mvuke kama alivyozoea kwenye gesi ya zamani, R22. Hilo la R410A lilikuwa limeshaelezwa vizuri tu, kwenye uzi mwingine, na mtu mwingine, wiki nyingine. Ujuzi wote aliouhitaji ulikuwa humo ndani ya ile apu tuliyoilipia, umetapakaa vipande vipande. Kompresa, ile pampu inayosukuma gesi, ikafa, mteja akadai kompresa mpya na haki yake, tukachanga tena. Ukijumlisha na hela ya developa, sitaki kujumlisha.

Nikampigia developa, nikamwambia tuwekee kitufe ili mzee aweze kulirekebisha lile jibu la kwanza, liwe sahihi pale pale juu ambapo watu wanasoma. Unajua alinijibu nini? "Sasa mzee, hapo pointi anapata nani?"

Nilikata simu. Ila nilivyotulia nikaona bila kujua kasema tatizo lote. Pointi zake zinataka kila sentensi iwe na mwenyewe, na sentensi ikishakuwa na mwenyewe hakuna mwingine anayeigusa, mtabaki na majibu tisa ya barafu, kila moja lina babaake, na hakuna hata moja lililokamilika.

Kuna watu walishalifikiria hili zamani sana. Huko Toronto, Kanada, miaka ya 1980, watafiti wa elimu Marlene Scardamalia na Carl Bereiter walitengeneza programu ya kompyuta inaitwa CSILE, baadaye ikaja kuwa Knowledge Forum, na ilitumiwa hadi na watoto wa shule ya msingi. Mle mtoto akiandika anachagua anaandika nini, hii ni nadharia yangu, hiki nahitaji kukielewa, hii ni taarifa mpya. Mwenzake anajengea juu yake. Alafu ipo noti ya kupanda juu, unazikusanya zile zilizogongana unaandika moja iliyo bora kuliko zote. Watoto wadogo hao, sisi watu wazima na ndevu zetu tunagombea bando. Na wiki (sio ya siku saba, ni tovuti ambayo wasomaji wenyewe ndo wanaandika kurasa zake) ndo zile zile akili, Ward Cunningham aliweka ya kwanza mtandaoni 1995, kila msomaji anaweza kuhariri ukurasa, na kwenye wiki za siku hizi toleo la zamani halipotei, ukiharibu mtu anarudisha. Programu inayoendesha Wikipedia, MediaWiki, ni ya bure. Moodle nayo ni ya bure tangu 2002 na wiki imo humo humo ndani, tena ina aina ya mjadala ambayo huoni majibu ya wenzako mpaka kwanza uandike la kwako, hiyo ingeua ongeza gesi ongeza gesi zote.

Kwa hiyo mkuu sheria yangu ni moja na nitaisema hata mkinichoka: mjadala usifungwe mpaka uzae ukurasa mmoja, na ukurasa huo kila mwanachama anaweza kuuhariri. WhatsApp ibaki, maswali yaulizwe huko huko, watu wakishaelewana ukurasa unaandikwa. Na anayeandika ni aliyeuliza, sio aliyejibu. Mzee wetu hawezi kuchapa, anatuma voisi akiwa juu ya ngazi, kijana ndo anasikiliza, anaandika, akikosea mzee anamfokea anarekebisha. Aliyekwama ndo anajua alikwama wapi, mkongwe hatua nyingine anaziruka kwa sababu kwake ziko wazi. Ukurasa wetu wa barafu sasa juu una tunachojua, kwanza filta, kisha feni, gesi ni mwishoni, na chini una tusichokielewa bado, na hapo chini ndo pana uhai, vijana wanakimbilia kujaza.

Kuna mdau hapo juu kasema bila pointi watu hawatachangia. Ni kweli wengi hawatachangia. Watasoma, wataenda kazini, kompresa za watu zitapona, sasa shida iko wapi? Wachache watakaoandika wanawatosha, na wale wa nukta waacheni wapumzike.

Huyo developa wenu mpigie leo hii kabla mhazini hajatoa advansi. Usimuulize bei, usimuulize rangi. Mwambie akuonyeshe kwenye simu yake mwanachama wa kawaida anavyorekebisha jibu la mwanachama mwingine, alafu akuonyeshe pa kuona nani kabadilisha nini. Akianza na "hiyo ni vasheni ya pili bosi", mwambie mtaonana hiyo vasheni ya pili ikitoka.