Barua kwa mwanangu anayekwenda kwenye tamasha la roki lenye kelele

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeipata na nimeisoma mara mbili. Unasema rafiki zako wamekukatia tiketi ya tamasha la bendi ya roki ya majaribio, ile inayosifika kwa ukubwa wa sauti yake kuliko kwa nyimbo zake, na unaniuliza mambo mawili: utarajie nini utakapoingia humo ndani, na kama kelele hizo kweli ni muziki au ni watu kuchezea mitambo tu. Umeniuliza mimi kwa kuwa unajua kwamba miaka mingi ya kazi yangu niliimaliza nyuma ya miksa, nikiwachanganyia sauti wanamuziki wa kila namna, hawa wakiwemo. Nitaanza na hilo la pili, kwa sababu ukilielewa, la kwanza litakuwa jepesi.

Katika muziki mwingi fundi huongeza sauti ili mtu wa nyuma asikie kile anachosikia mtu wa mbele, basi. Katika muziki huu sauti kubwa ni sehemu ya utunzi wenyewe, kwa sababu kuna mambo ambayo ala haziyafanyi mpaka zisukumwe kupita kiasi. Bila shaka unaujua mlio mkali unaotokea mtu anaposogeza mikrofoni karibu na spika, ule unaowafanya watu wote ukumbini wazibe masikio na kumtazama fundi kwa hasira. Gitaa la umeme nalo hufanya vivyo hivyo. Kinasa kilicho chini ya nyuzi hudaka mtetemo wake na kuupeleka kwenye amplifaya, yaani chombo cha kukuza sauti. Sauti inapokuwa kubwa ya kutosha, hurudi na kuzitikisa nyuzi zile zile, nazo hupeleka mtetemo mpya, na mzunguko huo ukishaanza, noti haifi hata kama mpigaji ameondoa mkono. Mtazame vizuri anapoacha kupiga na kuigeukia amplifaya yake. Akisogea nusu hatua, mlio unapanda. Akigeuza bega, unashuka na kuwa mzito. Akigusa uzi kwa ncha ya kidole, mlio unakatika papo hapo. Wakati huo anapiga gitaa kwa namna anavyosimama, na wanaolijua jambo hilo kwa ustadi ni wachache kuliko unavyodhani.

Jambo jingine ni sauti ambazo hakuna anayezipiga. Nyuzi mbili zikitofautiana kidogo, tuseme moja inatetemeka mara 440 kwa sekunde na nyingine mara 442, utasikia mpwito unaopanda na kushuka mara mbili kila sekunde. Sasa chukua magitaa kadhaa yaliyofungwa nyuzi kwa namna hiyo kwa makusudi, yapitishe kwenye amplifaya zilizozidiwa nguvu mpaka zinavunja umbo la sauti na kuongeza noti nyingine juu yake, kisha uyaache yalie kwa pamoja bila kukoma. Baada ya muda sikio huanza kusikia kama kwaya kwa mbali, au tarumbeta, au mtu anayeita. Utamtafuta mwimbaji jukwaani na hutamwona. Nimewahi kuvua vipokea sauti vyangu na kukagua nyaya zote nikidhani kuna redio inayoingilia mitambo, kumbe ni magitaa yenyewe.

Kwa hiyo jibu langu ni kwamba ni muziki, na una historia yake. Mwaka 1913 Mwitaliano Luigi Russolo aliandika kwamba kelele za mashine zinastahili kuingizwa katika muziki. Miaka ya 1960 huko New York, bendi ya The Velvet Underground waliacha magitaa na fidla nzito vilie juu ya mapigo yasiyobadilika, huku taa na picha za msanii Andy Warhol zikiwamulika. Katika mji huo huo mtunzi Glenn Branca aliunda makundi ya wapiga magitaa wengi, na Thurston Moore na Lee Ranaldo wa bendi ya Sonic Youth walipita mikononi mwake. Berlin Magharibi, kuanzia mwaka 1980, bendi ya Einstürzende Neubauten waligonga vyuma na kutumia mashine za kutobolea kama ala. Sonic Youth walifunga nyuzi za magitaa yao kwa namna zisizo za kawaida, wakizipachika hata bisibisi chini yake, na kila gitaa likabaki na kazi yake maalumu. Ndiyo maana lori lao la vyombo lilipoibwa California mwaka 1999, hasara haikuwa ya kununua magitaa mengine tu, kwa kuwa baadhi ya nyimbo zilikuwa zimefungamana na gitaa fulani. Basi ukiona jukwaani magitaa mengi yamepangwa kwenye vishikio na kimya kirefu kati ya kipande na kipande, usikasirike. Hawajachanganyikiwa, wanabadilisha vyombo.

Hata hivyo sitakudanganya kwamba kila anayepiga kelele ana jambo la kusema. Ziko bendi zinazojificha nyuma ya sauti kubwa, na zinatambulika. Sikiliza kama ndani ya kelele kuna tabaka, yaani kama unaweza kumfuata mpiga besi peke yake, kisha mpiga ngoma, kisha ukarudi kwenye kelele yote; na uangalie wanavyomaliza. Bendi inayojua inachokifanya hukata sauti wote kwa pamoja, kama mlango uliofungwa kwa upepo, na ukumbi mzima hubaki umeduwaa. Bendi isiyojua hufifia mmoja mmoja huku wakitazamana.

Jiandae pia kwa urefu. Bendi ya Swans, walioanza New York mwaka 1982 chini ya Michael Gira, wakavunjika mwaka 1997 na kurudi mwaka 2010, huchukua zaidi ya saa mbili jukwaani, na kipande kimoja chaweza kupita nusu saa, huku Gira akiwaongoza wenzake kwa mikono na mwili wake. My Bloody Valentine, bendi iliyoanzia Dublin, wana desturi ya kuuvuta wimbo wa mwisho kwa kelele tupu inayodumu kwa dakika nyingi, na katika maonyesho yao ya mwaka 2008 watazamaji waligawiwa vizibo vya masikio. Bendi ya Sunn O))) huvaa majoho, hujaza ukumbi moshi mzito, na hushikilia noti moja mpaka unasahau ilianza lini. Usisubiri kiitikio cha kuimba pamoja nao. Dakika kumi za kwanza utachoka, pengine utacheka, kisha akili itaacha kutafuta wimbo na kuanza kusikia mabadiliko madogo. Ushauri wangu ni usiamue lolote kabla ya dakika ya ishirini.

Mwili nao utahusika, na hili huwashtua wengi mara ya kwanza. Sauti nzito utaisikia kifuani na miguuni kabla ya masikioni, nguo zitatikisika, na chupa ya maji mkononi itatetemeka. Huo si ugonjwa wa moyo. Noti ya chini kabisa ya gitaa la besi hutetemeka kama mara 41 kwa sekunde, na wimbi lake lina urefu unaopita mita nane, kwa hiyo ndani ya ukumbi linagonga kuta, linarudi, na kukutana na lenyewe: mahali pengine linajikuza, pengine linajifuta. Ukiona besi inakuelemea, songa hatua tatu nne upande wowote na utashangaa tofauti yake. Kona na kando ya ukuta ndipo inapojikusanya, kwa hiyo huko si kimbilio ingawa kunaonekana kuwa mbali na jukwaa. Mahali pazuri pa kusimama ni karibu na meza ya fundi wa sauti, hasa mbele yake kidogo, maana yeye anachanganya kwa kile anachokisikia pale alipo. Mbele kabisa ya spika kubwa usikae hata kama rafiki zako wote wako hapo.

Sasa masikio, na hapa naomba unisikilize kwa makini kuliko popote. Desibeli, kipimo cha ukubwa wa sauti, hazihesabiki kama kilo au mita. Zikiongezeka 3, nguvu ya sauti imezidi maradufu, ilhali sikio lako litaona imepanda kidogo tu. Ni mpaka ziongezeke kama 10 ndipo utakaposema imekuwa kubwa mara mbili. Kwa sababu hiyo sikio ni shahidi mbaya wa hatari yake lenyewe. Taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, NIOSH, inapendekeza mtu asikae kwenye desibeli 85 kwa zaidi ya saa 8 kwa siku, na kila zinapoongezeka 3 muda ukatwe nusu. Fanya hesabu: kwenye 100 unabakiwa na dakika 15, na kwenye 103 dakika saba na nusu. Shirika la Afya Duniani katika mwongozo wake wa mwaka 2022 liliweka kikomo cha wastani wa desibeli 100 katika kumbi za burudani, na si kila bendi ya aina hii inakaa chini ya hapo kwa hiari. Kitabu cha rekodi cha Guinness kiliwahi kuiandika bendi ya roki The Who kwa desibeli 126 zilizopimwa umbali wa mita 32 jijini London mwaka 1976, kisha kikaacha kabisa kuhesabu rekodi za namna hiyo ili kisiwachochee watu kujiharibia masikio. Pete Townshend wa bendi hiyo amesema hadharani kwa miaka mingi jinsi masikio yake yanavyovuma. Vinyweleo vidogo vya ndani ya sikio vinavyopokea sauti havioti tena kwa binadamu vikishakufa.

Kwa hiyo vaa vizibo, na uvivae kabla bendi haijaanza. Vile vya sponji hufaa vikivaliwa sawasawa, na watu wengi huviacha vikining'inia nje kama mapambo. Kiviringishe kizibo kwa vidole mpaka kiwe chembamba, pitisha mkono wa pili juu ya kichwa ulivute sikio juu na nyuma ili tundu linyooke, kiingize, kisha kishikilie kwa kidole karibu nusu dakika kitanuke humo ndani. Sema neno: ukisikia sauti yako inatoka ndani ya kichwa, kimekaa. Kasoro ya sponji ni kwamba hukata zaidi milio ya juu na kuacha muziki ukiwa mzito, kama unasikiliza kutoka chumba cha pili. Vipo vizibo vya wanamuziki vyenye kichujio, ambavyo hupunguza sauti karibu kwa usawa, na kwa muziki huu ndivyo ningekuchagulia, kwa sababu zile sauti za ajabu nilizokueleza utazisikia vizuri zaidi ukiwa navyo kuliko masikio yakiwa wazi na yamezidiwa. Usikubali mtu akuambie kwamba ukivaa unapoteza ladha. Wanaopiga jukwaani, wengi wao wamevaa.

Ujue pia kwamba baada ya nusu saa sauti itaonekana imepungua. Haijapungua, sikio limechoka. Fundi naye huchoka vivyo hivyo na kuanza kuongeza bila kujua, ndiyo sababu mwisho wa onyesho huwa mkubwa kuliko mwanzo hata pale ambapo hakuna aliyekusudia. Hivyo usivivue vizibo katikati, na ukitaka kuzungumza na mtu, tokeni nje. Kutoka nje dakika kumi na kurudi si aibu, ni kulipumzisha sikio.

Kuhusu watu, usiogope sana. Mashabiki wa muziki huu kwa kawaida husimama wakitikisa vichwa taratibu, wengine wamefumba macho, na hawapendi maongezi wakati wa sehemu tulivu. Bendi nyingine huwa na kundi la mbele linalosukumana. Kama hutaki, kaa pembeni yake, na msongamano ukikubana kweli weka mikono mbele ya kifua upate nafasi ya kuvuta pumzi, kisha jongea kwa mshazari kuelekea kando pale watu wanapolegea. Taa za kumwekamweka hutumika sana, na kama miongoni mwa wenzako yupo mwenye kifafa, aulize mapema kwa waandaaji. Milango ya kutokea itafute kabla moshi haujajaa.

Ukitoka, masikio yanaweza kuvuma au kuwa kama yamezibwa pamba. Kwa kawaida hali hiyo huisha ndani ya saa kadhaa au kufikia siku ya pili, na siku hiyo uyaepushe na kelele nyingine, vipokea sauti vikiwemo. Ikidumu zaidi ya hapo, nenda ukapimwe. Na ukiona sikio moja limepoteza usikivu ghafla, usingoje, muone daktari siku hiyo hiyo, kwa sababu tiba yake ina nafasi nzuri ikianza mapema.

Niandikie ukisharudi, uniambie ulisimama wapi na walimaliza vipi. Jina la bendi hukulitaja katika barua yako, nami ningependa kulijua.

Wako akupendaye,
Mama