Kaka Bado Anaogopa Redio

Swali: Shangazi, kakangu alitoka wodi ya wagonjwa wa akili mwezi jana, alikuwa anaapa redio ya matatu inamtaja jina. Anakunywa dawa vizuri lakini jana hapa Kondele akaniambia, "pengine ilikuwa kweli." Ugonjwa umerudi?

Jibu: Pole mwanangu, si lazima. Ugonjwa ukipanda, dopamini, ile kemikali ya ubongo inayofanya kitu kionekane muhimu, inazidi, hata honi tu inaonekana ina ujumbe wake, sasa akili inatafuta maelezo na ikiyapata inayashika kabisa. Dawa inapunguza ule uzito ambao vitu vidogo vinapata lakini imani haizimiki kama stima, inalegea polepole, leo ana shaka kesho anaamini tena, na hiyo "pengine" kwa mtu aliyekuwa anaapa inanipa moyo sana. Usibishane naye, usimkubalie pia, muulize alisikia aje moyoni. Akianza kukosa usingizi ama kuacha dawa, mrudishe kliniki haraka.