Shingo inayobeba kazi ya bega

Mhariri,

Swali lenu la wiki ni hili: mtu mwenye ugonjwa wa kudumu wa kulegea misuli anayakabili vipi maumivu? Mimi ningeanza na swali jingine: ni msuli upi unaouma, na unamfanyia nani kazi?

Ugonjwa wangu ni ule ambao madaktari wawili wa Ufaransa, Landouzy na Dejerine, waliueleza katika miaka ya 1880. Ni distrofia ya misuli ya uso, mabega na sehemu ya juu ya mikono. Jeni iitwayo DUX4, ambayo katika misuli ya mtu mzima ingepaswa kuwa imelala, kwetu huamka na kuidhoofisha misuli polepole. Tena huchagua: msuli huu unakwisha, wa jirani yake unabaki. Hata upande wa kulia na wa kushoto mara nyingi haulingani.

Maumivu yangu mengi yanatokana na uchaguzi huo. Kombe la bega likikosa misuli ya kulishikilia, hubenuka nje mgongoni, na kila ninapoinua mkono shingo inavuta mzigo usio wake. Tumbo nalo likilegea, kiuno huingia ndani na mgongo wa chini ndio unaobeba kiwiliwili chote. Jioni, kinachowaka moto ni shingo na kiuno. Bega lililokwisha nguvu limetulia tu, kama yule ndugu asiyeshika jembe huku mwenzake akilima mashamba mawili.

Kwa hiyo dawa yangu ya kwanza ni kuipunguzia shingo kazi kabla haijalalamika. Napiga mswaki kiwiko kikiwa kimeegemea sinki. Vyombo vya kila siku viko usawa wa kiuno, naoga nimekaa, na nikiandika mikono yote miwili inalala juu ya meza. Kazi ya kuinua mikono naikata vipande, naacha ningali na nguvu. Hapo ndipo watu wanapotushangaa: "Mbona unapumzika na bado hujachoka?" Basi ndiyo hivyo. Nikisubiri nichoke, kesho yote imekwenda.

Usiku una mambo yake. Anayelala ubavu na aweke mto chini ya mkono wa juu, usining'inie na kuvuta bega. Kama kujigeuza ni shida, shuka inayoteleza husaidia. Na ukiamka kila asubuhi kichwa kinauma, usiilaumu shingo peke yake. Mwambie daktari, maana misuli ya kupumua ikidhoofika hewa chafu hubaki mwilini usingizini na kichwa kikauma.

Kuhusu mazoezi, simsikilizi anayesema "jikaze" wala anayesema "lala tu". Kutembea, kuogelea au kuendesha baiskeli ya mazoezi kwa kiasi kunanifaa. Kipimo changu ni siku inayofuata: nikiamka dhaifu kuliko jana, nimezidisha. Kushuka ngazi au mteremko nakuogopa kuliko kupanda, kwa sababu hapo msuli unakaza huku unanyooshwa, na kazi ya namna hiyo ndiyo inayouumiza zaidi.

Maji ya moto yananipa nafuu, lakini tusiazimane ushauri ovyo. Mwenye miasthenia gravisi, ugonjwa mwingine wa misuli kuishiwa nguvu, joto linaweza kumzidishia udhaifu. Mwenye miotonia, yule ambaye misuli yake ikikaza hukawia kuachia, mara nyingi huteswa na baridi. Anayekuchua naye mwambie mapema asikuvute mkono; bega lisilo na misuli ya kulilinda huumia upesi.

Dawa nazo zina mitego. Parasetamoli kwa mtu mzima haipiti gramu 4 kwa saa 24, yaani vidonge 8 vya miligramu 500, na mwembamba sana au mwenye ini bovu hupewa pungufu. Ibuprofeni na jamii yake husumbua tumbo na figo. Hapa kuna jambo ambalo wengi wetu hatuambiwi: kipimo cha kawaida cha figo hutegemea kreatinini, ambayo hutoka kwenye misuli. Aliyepungukiwa na misuli anaweza kuonekana ana figo salama kumbe sivyo. Ukizitumia dawa hizo mara kwa mara, uliza kama kinapatikana kipimo cha sistatini C, kipimo kingine cha figo kisichotegemea sana misuli. Dawa za kulegeza misuli nazo zinaweza kukunyang'anya nguvu kidogo iliyobaki.

Ukiandikiwa dawa ya sonona au ya kifafa, usikasirike ukadhani umeonekana mwongo. Baadhi yake hutumika kutuliza maumivu sugu. Mwongozo uliotolewa mwaka 2015 na chuo cha madaktari wa neva wa Marekani kuhusu ugonjwa huu wangu unazitaja, na unamtaka daktari aulize habari za maumivu kama sehemu ya kawaida ya kumhudumia mgonjwa. Asipouliza, anza wewe: yako wapi, huja saa ngapi, baada ya kazi gani. Taja pia kila dawa unayokunywa, kwani hata baadhi ya dawa za kushusha kolesteroli huumiza misuli. Na maumivu makali ya ghafla yakifuatana na mkojo wa kahawia iliyokolea, nenda hospitali siku hiyohiyo.

Upo pia upasuaji wa kulifunga kombe la bega kwenye mbavu ili lisibenuke. Kwa baadhi yetu hupunguza maumivu na mkono ukapanda juu zaidi, ila kuna miondoko inayopotea, na kupona huchukua miezi. Daktari wangu amenieleza yote hayo. Sijakubali wala sijakataa.